Je, wajua kwa nini mtu aliyebadilishwa goti huvishwa miwani ya uhalisia pepe?

Ni siku chache tu tangu upasuaji. Mgonjwa amekaa kitini, kisigino kimekanyaga taulo lililotandikwa sakafuni, na kazi yake ni moja: avute kisigino kirudi nyuma, chini ya kiti, hadi goti likunjike. Anavuta. Kikifika mahali fulani goti linakaza, mshono unavutika, anauma meno. Macho yote yako kwenye lile goti lililovimba, na kila anapolitazama linazidi kuwa gumu.

Sasa mvishe mtu huyohuyo miwani inayoziba macho kabisa, ajione yumo ndani ya mtumbwi mtoni, na kila akikunja goti kasia linakata maji. Wapo ambao kisigino hupita pale kilipokuwa kinagota bila wao kujua. Goti ni lilelile, mshono ni uleule. Kimebadilika nini?

Uhalisia pepe (ni "pepe" ileile ya barua pepe) ni mandhari iliyotengenezwa na kompyuta ambayo mtu haitazami kwa mbali kama runinga, bali anajikuta ndani yake: akigeuza kichwa, mandhari nayo inageuka. Miwani hiyo haitibu goti. Inashughulika na ubongo, ambao baada ya upasuaji wa aina hii huwa umekanyaga breki.

Ili kuelewa hiyo breki, turudi chumba cha upasuaji. Daktari huondoa ncha zilizolika za mifupa, akavisha mfupa wa paja kofia ya chuma, akaweka bamba la chuma juu ya mfupa wa muundi, na katikati kipande cha plastiki ngumu kinachochukua nafasi ya gegedu, ile tishu laini inayozuia mifupa isisuguane. Kabla ya kushona, hulikunja na kulinyoosha goti hilo jipya ili ajihakikishie kwamba linakwenda vizuri. Yaani goti bandia linakunjika tangu mezani, mgonjwa akiwa bado amelala usingizi wa dawa. Shida huanza akiamka.

Goti likivimba, mishipa ya fahamu hupeleka habari kwenye uti wa mgongo kwamba hapa pameumia, na amri kwa msuli mkubwa wa mbele ya paja hupunguzwa. Msuli wenyewe haujakatika; amri ndiyo haifiki yote. Ndiyo maana mwezi mmoja baada ya upasuaji nguvu za msuli huo huwa zimeshuka kwa zaidi ya nusu, hata kwa mtu aliyeingia hospitali akiwa mkakamavu. Napenda ndugu wanaomuuguza mgonjwa walijue hili, maana wengi humwona mzee anashindwa kuinua mguu wakadhani anadeka. Hadeki hata kidogo.

Na wakati haumsubiri. Kovu linajengeka ndani ya goti wiki hadi wiki, na lisipokunjwa mapema huweza kukaza moja kwa moja, hata ikabidi mgonjwa arudishwe kulazwa usingizi ili daktari alikunje kwa mikono. Kutembea kwenye sakafu tambarare kunahitaji goti likunjike kama nyuzi 65 au 70 hivi. Kuinuka kwenye kiti cha kawaida kunadai nyuzi 90 na ushei. Mtu aliyeishia nyuzi 60 kwa hofu na maumivu hajapata goti alilofanyiwa upasuaji kulipata.

Hapo ndipo miwani inapoingia. Maumivu hayapimwi kwenye jeraha peke yake. Ubongo huyapa uzito kulingana na umakini ulioelekezwa kwao, na umakini huo una kikomo. Katika miaka ya 1990, Hunter Hoffman na David Patterson wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, walianza kuwavisha wagonjwa walioungua moto miwani wakati vidonda vyao vikisafishwa. Mgonjwa alijikuta katika bonde la barafu, akirusha matonge ya theluji. Walisema maumivu yamepungua. Baadaye, mwaka 2004, zilichapishwa picha za ubongo za watu wenye afya waliotiwa joto kali mguuni wakiwa ndani ya mandhari ileile, na sehemu za ubongo zinazoshughulika na maumivu zilionekana zimetulia kwelikweli. Hawakuwa wanajikaza, ubongo wenyewe ulikuwa umepunguza sauti.

Macho nayo yana neno. Mwaka 2015 watafiti wa Australia waliwavisha miwani watu 24 wenye maumivu ya shingo, wakawaambia wageuze kichwa hadi pale panapoanza kuuma. Mandhari ilipochezewa ili ionyeshe wamegeuka kidogo kuliko ukweli, waliweza kugeuka zaidi kabla ya maumivu kuanza. Ilipoonyesha wamegeuka sana, maumivu yaliwahi. Kumbe ubongo hupiga kengele kwa kutazamia pia, hausubiri kuumizwa. Shingo si goti, lakini kwangu jambo hili linaeleza vizuri kwa nini kumwondolea mgonjwa picha ya goti lake lililoshonwa kunaweza kumfungulia njia.

Kuna na uchovu wa moyo. Kuvuta kisigino mara kumi, kupumzika, kisha kumi tena, kila siku kwa wiki kadhaa, kunachosha hata mwenye bidii. Katika mchezo, vihisi vilivyofungwa pajani na muundini hupima pembe ya goti papo kwa papo, na mtaalamu wa fiziotherapia anaweza kusogeza shabaha kidogo kidogo: jana mtumbwi uligusa ukingo kwa nyuzi 80, leo ukingo upo nyuzi 84. Mgonjwa anafuata ukingo. Mtaalamu anafuata namba.

Je, goti linapona vizuri kuliko kwa mazoezi ya kawaida? Kwa jumla matokeo hukaribiana, na faida huonekana zaidi kwenye maumivu na hamu ya kuendelea. Utafiti mmoja mkubwa wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2020, ulikuwa na wagonjwa 306. Kundi moja lilifanya mazoezi nyumbani mbele ya kamera iliyosoma miendo yao, huku mwalimu wa katuni kwenye skrini akiwaelekeza na kuwasahihisha, na mtaalamu akiwafuatilia kwa mbali. Hawakuvaa miwani, ila wazo ni lilelile. Baada ya wiki 12 hawakuwa nyuma ya wale waliopata huduma ya kawaida, na gharama zao zilikuwa ndogo. Kwa mtu ambaye safari ya kwenda kliniki ni mateso yenyewe, hiyo ni habari njema.

Tahadhari zipo. Macho yakisema unasonga huku masikio ya ndani yakisema umetulia, kichefuchefu huja, kwa hiyo huanzwa kwa dakika chache na mandhari isiyokimbia. Mwenye kifafa amweleze daktari kabla. Wiki za mwanzo mazoezi haya hufanywa mtu amekaa, maana anayetembea kwa magongo bila kuona sakafu ataanguka. Pia si kila maumivu ni ya kusahaulishwa: muundi ukivimba na kuuma upande wa nyuma, inaweza kuwa damu iliyoganda, na hapo anaitwa daktari mara moja.

Miwani ikivuliwa, mgonjwa aachwe akae kidogo, nyayo zote mbili sakafuni, mpaka chumba kitulie machoni mwake. Ndipo asogezewe magongo yake.