Kidonge kitupu kinachouma: dhana potofu kuhusu utafiti wa moyo

Maradhi ya moyo hayakosi washauri. Mwambie mtu una presha, kabla hujamaliza kusema atakuwa ameshakutajia dawa, chakula cha kuacha na jirani aliyepona. Kubishana na ushauri huo mmoja mmoja nimechoka. Hapa nashika yale yanayosemwa juu ya utafiti wenyewe.

Dhana: "Daktari akishajua tatizo, dawa inajulikana. Kuijaribu kwa maelfu ya watu ni kupoteza muda."

Miaka ya 1980 madaktari walijua kwamba aliyenusurika mshtuko wa moyo, kisha mapigo yake yakawa yanarukaruka, yuko katika hatari zaidi ya kufa ghafla. Dawa za kutuliza mapigo hayo zilikuwepo, zikiwemo enkainidi na flekainidi, na kipimo cha umeme wa moyo kilionyesha wazi kuwa zinafanya kazi. Wagonjwa wakaandikiwa. Nani angepinga?

Jaribio lililoitwa CAST likauliza swali ambalo wengi waliona jibu lake linajulikana: je, wanaomeza dawa hizi wanaishi zaidi? Wagonjwa waligawanywa kwa kura, hawa dawa, wale kidonge kitupu, yaani kisicho na dawa ndani. Mwaka 1989 ikabidi dawa hizo mbili zisimamishwe kabla ya jaribio kufika mwisho, kwa sababu waliozimeza walikuwa wanakufa zaidi. Karatasi ya kipimo ilisema moyo umetulia. Mwenye moyo alikuwa ameshazikwa.

Hesabu hupinduka upande wa pili pia. Kwa miaka mingi wagonjwa ambao moyo wao umechoka kusukuma damu walikatazwa beta-bloka, dawa zinazopunguza kasi ya moyo. Mantiki ilikuwa nyepesi: punda aliyechoka haongezewi mzigo. Kumbe mwaka 1999 majaribio mawili makubwa, CIBIS-II na MERIT-HF, yalionyesha kuwa beta-bloka zinapunguza vifo vya wagonjwa hao kwa takribani theluthi moja. Leo ni miongoni mwa dawa zao za msingi.

Dhana: "Kupewa kidonge kitupu ni kunyimwa tiba."

Waulize wa CAST nani alinyimwa nini. Halafu, kwa kawaida mshiriki haachishwi tiba iliyokwisha kuthibitishwa. Kinacholinganishwa ni nyongeza ambayo bado haijulikani ni neema au balaa.

Dhana: "Dawa za kolesteroli zinaumiza misuli, heri kuziacha."

Kwamba statini, ndizo dawa hizo za kolesteroli, zinaokoa watu wenye ugonjwa wa mishipa ya moyo, hilo lilijibiwa mwaka 1994 na jaribio la 4S: wagonjwa 4,444, na vifo vikapungua kwa asilimia 30. Swali la maumivu ndilo lililobaki, nalo lilijibiwa kwa ujanja ninaoupenda sana.

Watafiti wa jaribio la SAMSON, lililotoka mwaka 2020, waliwachukua watu 60 walioacha statini kwa sababu ya madhara. Kila mmoja akapewa chupa 12 za mwaka mzima: nne zina statini iitwayo atovastatini, nne zina vidonge vitupu visivyotofautishika na dawa kwa macho, nne hazina kitu ndani. Mwezi mmoja chupa moja, kwa mpangilio wa kura. Kila siku mtu anaandika kwenye simu yake, kuanzia 0 hadi 100, anaumwa kiasi gani.

Miezi ya chupa tupu, wastani ulikuwa 8. Miezi ya statini, 16.3. Miezi ya kidonge kitupu, 15.4. Yaani sehemu kubwa mno ya adha ililetwa na kule kumeza kidonge, si kilichomo ndani yake. Wala watu hawa hawakuwa wanadeka. Maumivu waliyasikia kweli, mwili uliitikia hofu. Walipoonyeshwa namba zao wenyewe, nusu yao walirudi kwenye dawa. Wapo wachache ambao statini huwadhuru misuli kweli, na hao wanahitaji kubadilishiwa dawa au kipimo na daktari wao.

Dhana: "Jana walisema aspirini, leo wanasema acha. Ni vigeugeu."

Hayo ni maswali mawili tofauti. Jaribio la ISIS-2, mwaka 1988, lilihusu watu 17,187 waliofikishwa hospitalini wakidhaniwa kuwa na mshtuko wa moyo: aspirini ilipunguza vifo vya moyo na mishipa kwa asilimia 23 ndani ya wiki tano. Jaribio la ASPREE, mwaka 2018, lilihusu wazee zaidi ya 19,000 wasio na ugonjwa wa moyo: aspirini haikuwakinga kwa kiasi cha maana, na kutokwa damu kuliongezeka. Aliyewahi kupata mshtuko asiiache yake kwa kusikia habari za hao wazee.

Dhana: "Utafiti ni wa watu wa jumla, mimi ni tofauti."

Pengine. Lakini wahariri wa jarida walipowataka watafiti wa ISIS-2 wayagawe matokeo kwa makundi madogomadogo, wao wakaongeza kundi moja la utani: nyota za kuzaliwa. Ikaonekana aspirini inawasaidia watu wa nyota zote, isipokuwa wenye Mapacha na Mizani. Ukilikatakata daftari vya kutosha, utapata ukurasa unaokubaliana nawe.