Neno “bread” halina diftongi, wala neno “tai” halina

Nimemaliza kusahihisha mazoezi ya unukuzi, yaani kuandika matamshi kwa alama za kifonetiki, ya mwaka wa kwanza, na kwa mara nyingine neno la Kiingereza “bread” limenirudia likiwa limenukuliwa /breəd/, /breɪd/ na, kwa mwanafunzi mmoja aliyeamua kutojisumbua, /bread/. Nilipomwita mmoja wao anieleze, aliweka kidole juu ya herufi za katikati akasema, “Lakini mwalimu, si hizi hapa, mbili?” Ni mbili kweli, ila mimi nilimwomba aninukulie sauti, na sauti ya irabu katika neno hilo ni moja tu, /bred/, tena fupi.

Imani kwamba diftongi, ambayo kwa kweli ni sauti ya irabu inayoteleza, ni irabu mbili zilizoandikwa bega kwa bega nimeipiga vita kila muhula na kila muhula inafufuka. Chukua herufi hizohizo “ea”: katika “bread” zinasomwa /e/, katika “seat” /iː/, katika “great” /eɪ/, katika “near” /ɪə/, katika “heart” zikifuatwa na r /ɑː/, na katika “earth” /ɜː/. Sauti sita, na diftongi humo ni mbili peke yake. Kwa upande mwingine maneno “I”, “go” na “my” yana herufi moja ya irabu kila moja, na yote matatu yana diftongi. Anayetaka kunukuu na aifunike karatasi, alitamke neno, kisha aandike alichosikia. Maendelezo ya Kiingereza hayajawahi kuwa shahidi wa kuaminika.

Kosa la pili ni la kistaarabu zaidi, na ndilo linaloniudhi kwa sababu huwapata hata walimu wenzangu. Tunaambiwa kwamba diftongi za Kiingereza ni rahisi kwetu kwa kuwa Kiswahili nacho kina “ai”, “au” na “ei”. Diftongi ni irabu inayoanzia mahali pamoja mdomoni na kuteleza kuelekea pengine ndani ya silabi moja, na hiyo silabi moja ndiyo shina la jambo lote. Neno “tai”, lile la kuvaliwa shingoni, lilitoka kwenye Kiingereza likiwa na silabi moja, /taɪ/, likafika kwetu likawa na mbili, ta-i. Anayetilia shaka aseme “doa limeingia taini” asikilize mkazo unapoangukia: juu ya i, kwa kuwa mkazo wetu hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na kilichobeba mkazo hakiwezi kuwa mkia wa silabi nyingine. Mtunzi wa mashairi wala hahitaji kuambiwa haya, maana anapohesabu mizani “tai” humpa mizani mbili na “maua” tatu, na hakuna mghani atakayembishia.

Kwa hiyo mwanafunzi wetu akikutana na /aɪ/ huisikia vizuri, kisha huitamka kwa kuikata vipande viwili. Hilo si tatizo kubwa la unukuzi, kwani alama huziandika sawasawa. Balaa liko kwenye zile diftongi ambazo sikio letu halizisikii kabisa kuwa zinatembea, na ushahidi umelala kwenye maneno tuliyoyakopa. “Laini”, “taulo” na “bia” zimehifadhi irabu mbili. Lakini “keki”, “geti” na “treni”, ambazo kwa Kiingereza zina /eɪ/, zimebaki na e peke yake, na “koti” na “boti” zimebaki na o peke yake. Sikio lililozoea “geti” huisikia “gate” kama /get/, na mkono huandika lilichosikia. Ndiyo maana mazoezi yangu yamejaa “late” iliyonukuliwa kama “let”, na mwandishi wake anaapa kwamba amesikiliza. Namwamini, amesikiliza kwa sikio la Kiswahili.

Dawa ninayoitumia ni kioo kidogo cha mfukoni. Tamka “se” ya Kiswahili, uikokote huku unatazama kidevu: hakitikisiki. Sasa tamka “say” ya Kiingereza cha London nayo uikokote: taya linapanda na midomo inatanuka kabla sauti haijaisha. Wenye kompyuta watumie Praat, programu ya bure iliyotengenezwa Amsterdam, waone fomanti ya pili, ule mkanda wa mwangwi wa sauti unaofuata mwendo wa ulimi, ikipanda kama kilima katika “say” na kulala karibu bapa katika “se”.

Kuhusu “koti”, lazima tujitetee kidogo. Mwanafonetiki Mwingereza Daniel Jones, katika kamusi yake ya matamshi ya 1917, aliiandika diftongi ya “coat” kwa kuanzia na o, /ou/. Mwenzake Gimson, katika kitabu chake cha 1962, aliianzisha kwa shwa, ile irabu hafifu ya katikati, /əʊ/, kwa sababu matamshi ya kusini mwa Uingereza yalikuwa yamehamia katikati ya mdomo. Wamarekani bado huandikiwa /oʊ/. Kwa hiyo anayeandika /oʊ/ hajakosea, mradi asichanganye mifumo miwili katika ukurasa mmoja.

Alama ya pili ya diftongi nayo isiabudiwe. Ile ɪ ya mwisho katika /aɪ/ inaonyesha mwelekeo wa ulimi. Katika usemi wa haraka ulimi huishia njiani. Wapo wanafonetiki wanaopendelea kuandika j na w mahali pa ɪ na ʊ, na hoja zao ni nzito kuliko ninavyopenda kukiri darasani.

Na hapa ndipo ninaposita. Orodha yetu ya diftongi nane za Kiingereza inajumuisha /eə/ ya “hair”, ilhali vijana wengi wa kusini mwa Uingereza huitamka leo kama irabu moja ndefu, [ɛː], bila mtelezo wowote. /ʊə/ nayo inakufa: “poor” kwa wengi imekuwa /pɔː/. Ninawafundisha wanafunzi wasikilize, kisha ninawanyima alama kwa kuandika walichosikia kwa sababu mwongozo wa usahihishaji unadai nane. Sijivunii jambo hilo.

Halafu kuna “fire”. Vitabu huandika /faɪə/ na kuiita triftongi, yaani irabu tatu katika silabi moja. Mimi nikiisikiliza kwa msemaji mmoja nahesabu silabi mbili, na kwa mwingine nasikia [faː] ndefu, ya kati imemezwa kabisa. Muhula uliopita mwanafunzi aliniuliza ina silabi ngapi, nikaitamka mara nne mbele ya darasa, na kila mara nikapata jibu tofauti. Katika mtihani wa mwaka huu nimeliondoa neno hilo.