Autofaji si jina jipya la kutokula

Juzi kwenye matatu ya Kondele, jamaa mmoja alikaribishwa njugu na jirani yake akazikataa. "Asante, niko kwa autofaji mpaka saa nane." Mwezi huu nimelisikia neno hilo mara tatu, na mara zote lilimaanisha kwamba msemaji hajanywa chai.

Autofaji ni seli kuvunja vipande vyake vilivyochakaa na kutumia tena malighafi yake. Kipande hufungwa kwenye kifuko, kifuko huungana na lisosomu, kifuko kingine chenye vimeng'enya, yaani protini za kuvunjavunja vitu, navyo vikamaliza kazi. Basi.

Neno lina asili ya Kigiriki: auto, mwenyewe, phagein, kula. Alilitunga Mbelgiji Christian de Duve mwaka 1963, akizungumzia seli, wala si mtu na sahani yake. Anayejila hapo ni seli. Ukisema wewe ndiwe uliye kwa autofaji, Mgiriki wa kale angekutazama vidole kama bado vyote vipo. Yoshinori Ohsumi, Mjapani aliyepewa Nobel mwaka 2016 kwa kazi hii, aliichunguza kwenye hamira, na hamira haina lanchi ya kuruka.

Tena Kiswahili hakijatupungukia. Kufunga kuna nia. Kujinyima, chakula kipo ila unajizuia. Kushinda njaa hakuna anayechagua. Waulize wabeba mizigo wa soko la Kibuye, Kisumu, siku ambayo kazi haipo.

Wanaojinyima hivi hutumaini autofaji itawachelewesha kuzeeka. Uhusiano na uzee upo, sikatai. Chakula kikiwa tele, protini iitwayo mTOR huibana autofaji. Kikipungua, mTOR hulegea, nyingine iitwayo AMPK huamka, na usafi ndani ya seli huongezeka. Minyoo ya maabara inayolishwa kidogo huishi zaidi, lakini jeni za autofaji zikizimwa, faida hiyo hupungua sana. Ila panya wa Clive McCay, walioishi zaidi katika jaribio la 1935 kule Marekani, walipunguziwa kalori tu. Vitamini na madini walipata. Hawakushindishwa njaa.

Na autofaji haina saa ya kuingia wala ya kutoka. Hata ukiwa umeshiba ugali na mbuta inaendelea, japo polepole.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa matatu, sema tu, "Nimefunga mpaka saa nane." Jirani ataelewa, na pengine atakuwekea njugu.