Namba za simu za tozo ya ziada katika huduma za afya za Uingereza

Namba ya tozo ya ziada ni namba ya simu inayomgharimu mpigaji zaidi ya simu ya kawaida, huku sehemu ya fedha hizo ikienda kwa anayepigiwa au kwa kampuni inayomwendeshea mitambo yake ya simu. Nchini Uingereza dhana hii iligusa huduma za afya pale kliniki kadhaa za madaktari wa familia, ambazo chini ya mfumo wa afya wa taifa (NHS) humwona mgonjwa bila malipo, zilipoacha namba za eneo zinazoanza na 01 au 02 na kuchukua za 0844.

Kwa istilahi za wasimamizi wa mawasiliano, namba za malipo ya juu hasa ni zile za 09, na 0844 haikuhesabiwa miongoni mwake. Kwa hiyo kliniki iliweza kukana, bila kusema uongo, kwamba ina namba ya malipo ya juu, wakati mgonjwa mwenye simu ya mkononi akiona salio lake likiyeyuka, kwa kuwa namba hizo kwa kawaida hazikuingia katika dakika za kifurushi.

Tangu Julai 2015 bei ya namba za 0844 hutajwa kwa mafungu mawili: ada ya kufikia, inayochukuliwa na kampuni ya simu ya mpigaji, na ada ya huduma, inayokwenda upande wa anayepigiwa. Tumchukue mgonjwa anayepiga saa mbili asubuhi, laini zinapofunguliwa, akaambiwa na sauti iliyorekodiwa kwamba yeye ni wa 14 katika foleni. Ikiwa ada ya huduma ni peni 5 kwa dakika, dakika 20 za kusikiliza muziki zimemgharimu pauni 1 kabla hajataja kinachomuuma, na ada ya kufikia bado haijajumlishwa. Mitambo ile ile inayompanga foleni mara nyingi ndiyo iliyogharimiwa na fedha zake. Na anayeugua mara kwa mara ndiye anayepiga mara kwa mara.

Mwaka 2010 mikataba ya madaktari wa familia katika England, sehemu mojawapo ya Uingereza, ilibadilishwa ili mgonjwa asilipe zaidi ya gharama ya kupiga namba ya eneo. Hata hivyo, kilichokatazwa kilikuwa gharama, si tarakimu zenyewe, na gharama hiyo ilipimwa kwa kuangalia "mpango mzima" wa huduma ya simu ya kliniki, maneno ambayo kwa maoni yangu yaliacha mlango wazi, kwani kila kliniki iliweza kujipimia yenyewe.

Wakati huo njia nyingine ilikwishakuwapo. Namba za 03, zilizoanzishwa mwaka 2007, hutozwa sawa na za 01 na 02, huingia katika vifurushi, na haziruhusu anayepigiwa kugawiwa mapato ya simu. Kliniki inayozitumia hubaki na foleni yake na muziki wake, ila gharama ya mitambo huibeba yenyewe.