Kate Rusby hakuzifufua, hazikuwa zimekufa

Ukiisikiliza Sweet Bells, albamu ya Krismasi ya 2008 ya mwimbaji Mwingereza Kate Rusby, utadhani amefukua nyimbo zilizosahaulika. Wengi hudhani hivyo. Sivyo. Rusby, mzaliwa wa 1973, amekulia upande wa Barnsley, kusini mwa Yorkshire, na nyimbo hizo amezisikia tangu utotoni, tena baa!

Vijiji vya jirani na Sheffield, kama Dungworth na Worrall, huziimba kila mwaka kuanzia Novemba hadi Krismasi ipite. Bia mezani, watu wamebanana, sauti ya kwanza na besi zinajibizana, wengi hata karatasi hawashiki. Karne ya 19 viongozi wa kanisa walipotaka uimbaji wenye adabu zaidi, wanakijiji walibeba nyimbo zao wakahamia baa.

Wimbo wa wachungaji waliokuwa wakilinda kondoo usiku una mahadhi chungu nzima huko. Mojawapo, Cranbrook, yalitungwa na Thomas Clark, fundi viatu wa Canterbury. Leo Waingereza wengi huyajua kwa wimbo wa kichekesho wa mtu aliyetoka bila kofia.