Springi za kushushia gari si springi zilizokatwa

Jumamosi iliyopita nilikuwa gereji nasubiri gari langu lipimwe alaimenti, yaani namna tairi zilivyokaa na zinavyoelekea. Akaja kijana na Subaru Impreza nyeupe, akauliza springi za kushushia zinapatikana wapi. Fundi akamjibu: "Za nini kununua? Hizi hizi zako tunazikata raundi moja na nusu, kitu kilekile." Hiyo "kitu kilekile" nimeisikia mara nyingi mno, kwa mafundi na kwa wenye magari, na safari hii nimeona niiandikie.

Springi ya kushushia ni springi iliyotengenezwa tangu mwanzo iwe fupi na ngumu kuliko ya kiwandani, ili gari likae chini kwa sentimita 2 hadi 4 hivi na bado lisigote, yaani lisipige mwisho wa safari yake, likiingia shimoni. Ufupi na ugumu huenda pamoja. Maana yenyewe ndiyo hiyo, wala si ndefu. Tatizo liko kwenye namna tunavyolifikiria lile neno "springi".

Kiswahili kina neno jingine la kitu hiki: kamani. Kamusi zinalo, na mafundi saa wamelitumia kwa ule utepe wa chuma unaojazwa nguvu saa inapotiwa ufunguo. Asili yake ni Kiajemi, kaman, yaani upinde, ule wa mshale. Wahindi nao wana kamani, kwa maana ya chuma kinachopindwa na kurudi. Springi, kwa upande wake, tumeichukua kwa Waingereza, na kwao mzizi wa neno ni kuruka, kuchupuka. Ndiyo maana neno hilohilo kwao ni chemchemi ya maji, na ni majira ya mimea kuchipua. Yaani Mwingereza ametazama kinachotokea chuma kikiachiwa. Mwajemi ametazama chuma kilichopindwa, kikaifungia nguvu ndani yake.

Kwa gari, naona Mwajemi amepatia zaidi, kwa sababu springi ya gari haiachiwi. Gari limeegeshwa, wewe umelala, na upinde bado umevutwa kwa uzito wa bodi na injini. Anayefikiria kuruka ataona springi ndefu inaruka sana na fupi inaruka kidogo, basi akate. Anayefikiria upinde atajiuliza kwanza umepindwa kiasi gani, na nani aliupanga upindwe hivyo.

Tuweke hesabu. Wajapani hupima ugumu wa springi kwa kilo kwa milimita, yaani kilo ngapi zinaibana milimita moja. Chukua kona moja ya gari inayobeba kilo 350, na springi ya kilo 2.5 kwa milimita. Uzito ule utaibana milimita 140. Sasa weka springi ya kilo 3.5 kwa milimita, urefu uleule: itabanwa milimita 100 tu. Gari limepanda milimita 40! Springi ngumu ya urefu uleule hunyanyua gari, haishushi. Kwa hiyo mtengenezaji anayetaka gari lishuke milimita 30 lazima kwanza afute ile 40, ndipo aongeze 30 yake. Springi yake ikilala mezani itakuwa fupi kwa milimita 70 kuliko ya kiwandani. Ndiyo maana mtu akiziona mbili zimewekwa pamoja hushtuka, anadhani gari litalala barabarani. Halilali. Ule ufupi mwingi umeliwa na ugumu.

Lazima niseme haki kwa wanaokata: springi iliyokatwa nayo huwa ngumu zaidi. Yenye raundi 6 zinazofanya kazi ukiitoa 1, ugumu unapanda kwa asilimia 20. Hapo hawajakosea. Lakini ugumu huo umetokea tu pale grainda ilipopita, haukupangwa na mtu kulingana na kiasi gari litakachoshuka. Na kuna la pili, ambalo kwangu ni kubwa zaidi. Chukua upinde wa kweli ukate shibiri moja ya ncha yake. Utabaki na mti mfupi na mgumu, sawa, ila umeondoka na mahali pa kufungia kamba, na kamba inaning'inia. Springi nayo ina ncha iliyoumbwa ikae kwenye kikalio chake. Ukiikata, kikalio kinashika chuma kilichochongoka. Siku gurudumu likining'inia, kwenye jeki au kwenye shimo la kweli, shokapu, lile bomba linaloituliza springi, inanyooka hadi mwisho wake na springi haifiki. Inalegea, inazunguka, inaweza kurudi ikiwa imekaa upande. Na kama kilichotumika kukata ni gesi badala ya grainda, moto umeshaharibu uimara wa chuma pale ulipopita.

Japani, ambako magari haya mengi yametoka, springi za kushushia wanaziita daunsasu, jina walilolifupisha kutoka Kiingereza. Ni kitu cha kawaida kabisa kwao, na wapo watu hapa wanaendesha gari lenye daunsasu tangu lishuke bandarini bila kujua. Lakini ukaguzi wao unadai mambo mawili: gari lisiwe chini ya sentimita 9 kutoka ardhini, na springi isilegee gari likinyanyuliwa. Hilo la pili ndilo linalozikwamisha zile za kukatwa.

Gari langu ni Impreza ya zamani, nalo ndilo la kwendea kazini kila siku. Sina jingine. Limeshuka sentimita 3, na kuishi nalo Dar es Salaam kunawezekana, ila kuna mambo ya kujifunza. Matuta nayaingia kwa mshazari, tairi moja kwanza. Nikibeba watu wanne naijua barabara ya mtaani kwetu jiwe kwa jiwe. Mvua ikinyesha, dimbwi nisilolijua kina chake silipiti. Kinachogusa mara nyingi ni midomo ya bampa ya mbele, si tumbo, kwa hiyo hata kuegesha kwenye ukingo wa barabara nasimama mapema. Lakini gharama kubwa imekuwa tairi. Impreza ya aina yangu ina shokapu zinazobeba springi mbele na nyuma, na gari la namna hiyo likishuka, tairi huinamisha kichwa ndani na uelekeo wake hubadilika. Tairi zangu za kwanza zililiwa upande wa ndani hadi waya ukaonekana, na kwa nje zilikuwa bado nzuri. Ndiyo sababu siku ile nilikuwa kwenye alaimenti, na naamini kila anayebadilisha springi apite huko kabla hata ya kwenda kuonyesha marafiki.

Shokapu nayo inaonewa kwa jina. Wengine tunaiita shokamzoba, kutoka Kiingereza, kwa maana ya kinachomeza mshtuko. Lakini anayeupokea mshtuko ni springi. Shokapu kazi yake ni kuituliza springi baada ya hapo, isiendelee kudunda, na wahandisi wa Uingereza wenyewe hupendelea kuiita dampa, yaani kitulizaji. Hili si suala la maneno tu. Mtu anafunga springi mpya ngumu juu ya shokapu iliyochoka, gari linadundadunda, anasema "springi hizi ni ngumu". Ngumu ni kuhisi kila kokoto. Kudunda ni shokapu kushindwa. Na ule mshindo wa pwaa unaopanda hadi mgongoni ni kugota, shokapu imefika mwisho wa safari yake ikapiga kwenye mpira. Ni malalamiko matatu, na kila moja lina dawa yake. Ukimwambia fundi "ngumu" kwa yote matatu, atakutibu ugonjwa usiokuwa nao.

Yule kijana nilimfuata nje. Nilimwambia, mdogo wangu, ukitaka kuzikata ni gari lako, na fundi yule ni hodari kwa kazi zake nyingine. Ila kabla hujalipa, mwombe alipige jeki mpaka gurudumu lining'inie, uishike springi kwa mkono uitikise. Ikicheza, hiyo ni springi iliyokatwa, muiite hivyo, wewe na yeye. Springi ya kushushia iachieni jina lake.