Kazi Kasulu, mchumba Mbeya: tunayodanganyana kuhusu kumfuata mwenza

Nilikaa miaka kadhaa masjala ya halmashauri moja ya magharibi mwa Tanzania. Ukiacha maombi ya likizo, barua nilizozipokea kwa wingi kuliko zote zilikuwa na kichwa kilekile: YAH: MAOMBI YA UHAMISHO WA KUMFUATA MWENZA. Herufi kubwa, mstari chini, na nyuma yake nakala ya cheti cha ndoa iliyobanwa kwa pini mbili, ya pili kwa wasiwasi. Kwa kuzisoma barua hizo nilijua watu wanaamini nini kabla ya kuchagua kazi au kukaa na wampendao.

"Chukua kazi kwanza, uhamisho utakuja." Hii imeumiza wengi. Kijana ameona jina lake kwenye tangazo la kuitwa kazini, amepewa siku 14 za kuripoti, kituo ni Kasulu mkoani Kigoma, mchumba yuko Mbeya. Mjomba anamwambia: wewe kamata cheki namba (namba ya mtumishi kwenye mishahara ya Serikali), mengine baadaye. Nusu ya kwanza ya ushauri huo siipingi, kwa hali ya ajira tuliyonayo. Tatizo ni hayo "mengine baadaye". Uhamisho unaombwa, haudaiwi. Mwajiri wako akubali kukuachia, unakokwenda kuwe na nafasi kwenye ikama, yaani idadi ya watumishi iliyoruhusiwa, na mamlaka ya juu iidhinishe. Mtumishi mpya ana mwaka mmoja wa majaribio kabla hajathibitishwa kazini, na mwaka huo si wa kuanza kuulizia njia ya kuondoka. Tena shule yenye mwalimu mmoja wa fizikia haitamfungulia geti kirahisi kwa sababu usiku halali akimkumbuka mtu.

Halafu hilo neno mwenza. Mchumba si mwenza. Mtu mliyekaa naye tangu mwaka wa pili wa chuo, anayejulikana hadi kwa shangazi zako, kwenye faili hayupo. Aliyepo ni yule aliyeandikwa kwenye cheti cha ndoa. Baadhi ya vijana wakiling'amua hilo hukimbilia bomani wafunge ndoa haraka, na huko wanakuta Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya kusudio la kuoana itolewe siku 21 kabla. Ishirini na moja kwa kumi na nne, hesabu yenyewe haikai. Wanaoamua kutengeneza cheti cha bandia wamejitafutia kesi, wala si uhamisho.

Gharama nayo. Serikali ikikuhamisha kwa mahitaji yake, hulipa stahiki zako. Ukiomba mwenyewe, unajigharamia: gari la mizigo, nauli, kodi ya nyumba mpya. Siku hizi maombi yanapita mtandaoni kwenye ESS, mfumo wa watumishi wa kujihudumia wenyewe, na karatasi zimepungua sana, ila masharti yako palepale. Kubadilishana vituo na mtu wa kada yako ni njia halali, ndiyo maana magrupu ya WhatsApp yamejaa "natafuta wa kubadilishana naye, niko Kakonko, aje toka Kibaha". (Wa kutoka Kibaha, jirani na Dar es Salaam, kwenda Kakonko huko Kigoma ni wa kumtafuta kwa tochi.) Anayekuomba hela ya "kusukuma faili" ni tapeli, au ni mla rushwa, na kwako wewe hakuna tofauti.

Jirani zetu Kenya walionja upande wa pili wa jambo hili. Mwaka 2018 Tume ya Huduma za Walimu ilianza kuwahamisha walimu kwenda mbali na maeneo ya kwao, na malalamiko makubwa yakawa familia zilizogawanyika. Yalipamba moto hadi yakaingia kwenye ahadi za kampeni za mwaka 2022.

"Mapenzi ya mbali hufa, fimbo ya mbali haiui nyoka." Methali hiyo inazungumzia msaada usiofika kwa wakati, sijui nani aliihamishia kitandani. Mwaka 2013 watafiti Crystal Jiang na Jeffrey Hancock walichapisha matokeo ya wapenzi waliojaza shajara za mazungumzo yao ya kila siku. Walioishi mbalimbali hawakuwa nyuma kwa ukaribu wa moyo. Kwa vipimo kadhaa waliwazidi waliokaa mji mmoja, kwa kuwa walifunguka zaidi na kumwona mwenzao kwa jicho zuri zaidi. Wengi wao walikuwa vijana wa vyuo, kwa hiyo usiufanye utafiti huo msahafu.

Hilo jicho zuri lina bei yake. Laura Stafford na wenzake, mwaka 2006, waliwafuatilia wapenzi waliokuwa mbali kisha wakahamia mji mmoja. Kama theluthi moja waliachana ndani ya miezi mitatu tangu waungane. Mimi hilo halikunishangaza. Simu haikuonyeshi mtu anavyoacha sufuria la ugali limekaukia kwenye karo siku mbili, wala haimwonyeshi yeye wewe unavyonuna. Anayehama kwa kuamini kwamba umbali ndio uliokuwa ugomvi wao pekee, ajiandae.

Na kukaa nyumba moja si lazima kuwe kuonana. Erika Sandow wa Chuo Kikuu cha Umeå, Sweden, aliripoti mwaka 2011 kwamba wanandoa ambao mmoja wao husafiri dakika 45 au zaidi kwenda kazini walikuwa kwenye hatari ya kutengana kubwa kwa asilimia 40 kuliko wengine. Dakika 45! Mkazi wa Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, anayefanya kazi Posta, katikati ya jiji, anacheka. Anatoka saa kumi alfajiri mwenzake amelala, anarudi saa tatu usiku mwenzake amelala, na majirani wanasema wana bahati wako pamoja.

"SGR imemaliza tatizo." Yaani reli mpya ya kisasa. Hii ni mpya, na ina ukweli ndani yake, ndiyo maana ni hatari. Tangu uamuzi wa mwaka 2016 wa kuhamishia Serikali Dodoma, nyumba nyingi za Dar es Salaam zilibaki na nusu ya wenyewe. Basi lilikula siku nzima. Treni ya umeme ilipofika Dodoma mwaka 2024, safari ikashuka hadi saa nne hivi au pungufu. Nauli ya daraja la kawaida iliyotangazwa wakati huo ilikuwa shilingi 31,000. Sasa piga hesabu: kwenda na kurudi 62,000; mara mbili kwa mwezi 124,000; ongeza bajaji za pande zote mbili, na chumba cha pili kinacholipiwa kodi mwaka mzima hata usipolala humo. Kwa mkurugenzi ni sawa. Kwa karani anayeanza, hiyo ni sehemu ya mshahara inayoondoka kimyakimya. Na anayesafiri kila mara huwa ni yuleyule mmoja, hadi siku anayochoka na kusema neno baya kwenye simu. Wa Kasulu, bila shaka, hiyo treni anaisikia redioni.

"Mwanamke ndiye wa kufuata." Hapa sitazunguka. Mchumi Jacob Mincer alishaandika mwaka 1978 kuwa familia inapohama kwa faida ya jumla, kuna mmoja anayeburutwa, na kipato chake mara nyingi ndicho kinachoshuka. Kwake Marekani ya wakati ule, mara nyingi huyo alikuwa mke. Kwetu anayefuata huambiwa "utapata kazi huko huko", na mwaka wa tatu bado anauza vitenge kwa mkopo huku cheti chake cha uuguzi kimefungiwa kabatini.

Kuna mambo mawili ambayo vikao vya familia huyaruka. Pensheni ya uzee ya mifuko ya hifadhi ya jamii, PSSSF au NSSF, inadai michango ya miezi 180, yaani miaka 15. Ukiacha kazi mwaka wa sita una miezi 72; michango haipotei, lakini pensheni ya kila mwezi hujaifikia. La pili, fao la kukosa ajira halimhusu aliyeacha kazi kwa hiari yake, na barua ya "naacha kazi nikaungane na mume wangu" ni hiari iliyosainiwa. Wengine hujipa moyo kwa kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu ya mwaka 1983, ambapo Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Ni uamuzi mkubwa, sikatai. Ila msaada wake unakukuta siku ndoa imekwisha.

Sisemi asifuate. Nasema mwanamume naye ana miguu. Niliwahi kupokea barua ya dereva wa halmashauri aliyeomba kumfuata mkewe, daktari. Masjala nzima ilimsema wiki mbili, kisha alipohama tukabaki tunamsifu.

"Wazee wetu hawakutengana kwa sababu ya kazi." Walitengana sana. Manamba, vibarua wa enzi za ukoloni, waliondoka kwao kwa mkataba kwenda kukata mkonge Tanga, wengine wa Nyanda za Juu Kusini wakaenda kwenye migodi ya Afrika Kusini, na Pwani mabaharia waliondoka na upepo wa kusi wakarudi na kaskazi. Walioachwa hawakuulizwa.

"Sisi tumeshaongea." Hili ndilo jibu nililolisikia zaidi mtu anapoleta barua yake, na ndilo niliacha kuliamini. Unamuuliza: mmekubaliana nani ahame, ikishindikana mpaka lini, nani atalipa nauli? Anatabasamu, anasema yote yatajulikana mbele ya safari.

Wiki moja ya mwezi wa sita yaliletwa maombi mawili mezani kwangu. Moja lilikuwa la mwalimu wetu, anaomba kwenda Mbeya kumfuata mkewe. La pili lilitoka Mbeya, muuguzi anaomba kuja kwetu kumfuata mumewe, mwalimu. Namba ya cheti cha ndoa ilikuwa moja. Mkuu wangu aliyaweka sambamba, akavua miwani, akacheka hadi akakohoa. Kisha akanyamaza, akanisogezea simu ya mezani.

Mwalimu alipopokea nilimuuliza kama anajua mkewe naye ameandika. Nilisikia wanafunzi wakipiga kelele nyuma yake, muda mrefu kidogo.

"Ameandika lini?" akauliza.